Majibu kwa wafumaji: kwa nini kofia yako imekuwa ndoo

Barua zimerundikana, na kosa ni langu. Arusha mwezi Julai kila mtu anakumbuka kwamba ana shingo na masikio, na oda za sweta zimenimeza. Leo najibu nyingi kadiri nafasi inavyoruhusu. Humu ndani kufuma ni kwa sindano mbili, kroshia ni kwa sindano moja yenye kulabu, na pateni ni maelekezo yaliyoandikwa ambayo mtu ananunua ili afume mwenyewe.

*Shikamoo mama. Nafuma tangu darasa la tano. Mtu akijiita "mbunifu wa kufuma" ni jina kubwa tu, au ana tofauti na sisi wa oda? (Msichana, Iringa)*

Marahaba mwanangu. Tofauti ipo, wala si ya heshima. Ukifuma oda unauza sweta moja kwa mtu mmoja, ukimaliza unaanza upya. Mbunifu anauza karatasi. Anaifuma sweta mara moja (mimi ni mara tatu, maana nafumua sana), kisha anaandika namna ya kuifuma kwa saizi nane au tisa. Anawapa wafumaji wengine waijaribu bila kumuuliza chochote, anarekebisha pale walipokwama, anapiga picha, ndipo anauza. Karatasi hiyo hiyo inaweza kuuzika leo na mwakani tena wakati wewe umelala.

Watu hudhani nafuma kutwa. Kuna wiki nashika kalkuleta kuliko sindano. Asubuhi ni hesabu, picha kabla jua halijawa kali, sindano jioni taarifa ya habari ikiwa inasomwa.

*Dada, nilifuma sweta ya mwanangu wa mwaka mmoja, kila mtu akaitaka. Nimejaribu kuiandika kwa saizi kubwa na ndogo, nikazidisha mishono tu. Wenzangu walioifuma wanasema shingo haipiti kichwani. Nimekosea wapi? (Mama wa watoto wawili, Njombe)*

Umekosea pale tulipokosea wote. Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa. Mtoto mchanga kichwa chake huzidi kifua: kichwa kama sentimita 35, kifua 33 hivi. Akifika mwaka vinakaribiana. Akiendelea kukua kifua kinakwenda, kichwa kinabaki nyuma. Kwa hiyo shingo uliyoipunguza kwa kiwango kile kile cha kifua itawafaa wakubwa na kuwakaba wadogo. Saizi za chini ya miaka miwili ziwekee vifungo begani, au shingo ya kupishana. Hapo hakuna hesabu itakayokuokoa, ni mwili ulivyo.

Kwa watu wazima kuna njia ya asilimia ambayo nimeitumia miaka mingi. Aliieneza Elizabeth Zimmermann, Mwingereza aliyehamia Marekani na kufariki mwaka 1999. Idadi ya mishono ya kuzunguka kifua unaiita 100. Mkono pale kwenye kiganja ni 20, mkono wa juu karibu 33, shingo 40. Tuseme kifua ni sentimita 96 na una mishono 16 kwa kila sentimita 10. Hiyo ni mishono 154. Kiganja kitakuwa 31, mkono wa juu 51, shingo 62. Ukishapata hapo unarekebisha kwa jicho, maana kuna watu wana mikono ya kulima na kuna watu hawajawahi kushika jembe.

Sasa lile linaloua pateni nyingi. Kabla hujahesabu lolote, fuma kipande cha kupimia, kipana kuliko sentimita 10, kifue, kikaushe, ndipo uhesabu mishono. Najua inachosha. Lakini mkono wako ukiwa mgumu, ukapata mishono 18 badala ya 16, ile mishono 154 itakupa sentimita 85 na nusu. Zimepotea zaidi ya sentimita 10 na hujadondosha mshono hata mmoja. Mteja atasema mbunifu hajui kazi. Kwa hiyo kwenye pateni andika idadi ya mishono kwa sentimita 10 juu kabisa, kabla hata ya rangi ya uzi, na umwambie mtu abadilishe sindano mpaka aipate. Sindano ya milimita 4 ya kwako si lazima iwe milimita 4 ya mkono wake.

*Nilinunua pateni mbili za kofia ya kroshia mtandaoni. Moja imetoka kama ndoo, nyingine imejikunja kama jani la sukuma wiki. Nimefuata neno kwa neno. Wananiibia? (Msomaji, Mombasa)*

Hawakuibii, wamekuchanganya. Kile kifupisho cha herufi mbili, dc, kwa Mwingereza ni mshono mfupi. Kwa Mmarekani ni mshono mrefu, wa kuzungusha uzi mara moja kabla ya kuingiza kulabu. Herufi ni zile zile, mshono mwingine kabisa. Nami nilishafuma shali nzima kwa ujinga huo.

Duara bapa la mishono mifupi linataka kuongezwa mishono 6 kila mzunguko. La mishono mirefu linataka 12, kwa sababu kila mzunguko unakwenda mbali zaidi na katikati. Pateni ya Mwingereza ilikuambia uongeze 6, wewe ukafuma mishono mirefu, nafasi haikutosha, kitu kikajikusanya kikawa ndoo. Ya Kimarekani ilikuambia uongeze 12, ukafuma mifupi, mishono ikazidi, ikaanza kucheza rumba pembeni. Tazama mwanzoni mwa pateni kama wameandika ni istilahi za nchi gani. Kama hawakuandika, tafuta neno sc, ndilo jina la mshono mfupi kwa Mmarekani. Likiwemo, ni la Kimarekani.

Hapa nina dukuduku la muda mrefu. Sisi tunaoandika kwa Kiswahili hatuna hata vifupisho vya kugombania. Mama zetu walijifunza vitambaa vya makochi kwa kukaa na kitambaa cha jirani mapajani na kuhesabu matundu. Hakuna aliyesoma. Hiyo ni elimu, tena kubwa, lakini ukitaka kumuuzia mtu wa Bukoba ambaye hamtaonana, lazima iandikike. Jibu langu kwa sasa ni michoro. Wajapani walikubaliana alama za mishono, kila mshono na alama yake, na mtu asiyejua hata herufi moja ya Kijapani anafuma kutoka kwenye mchoro wao. Mimi naandika maneno mafupi ya Kiswahili (mnyororo, mfupi, mrefu, ruka), naweka mchoro chini yake, na ukurasa wa kwanza naeleza kila neno lina maana gani mkononi. Malalamiko yamepungua. Hayajaisha.

*Assalaam alaykum. Niko Muscat. Nataka kumfumia mume wangu kofia ya kroshia ya kuswalia. Uzi gani, na nitajuaje pa kuacha kuongeza juu? (Bi mkubwa wa Unguja)*

Waalaykum salaam bibi. Uzi wa pamba, mwembamba, sindano ndogo. Akriliki kwa joto la huko ni adhabu. Pa kuacha: pima kichwa, gawa kwa 3.14. Kichwa cha sentimita 56 kinatoa karibu 18. Duara la juu likifika upana huo acha kuongeza, zunguka wima mpaka urefu anaoutaka. Akitaka kofia ya viua ile yenyewe, hiyo ni sindano ya kushonea na kitambaa, sanaa nyingine na subira nyingine. Mimi siiwezi.

*Nataka kuacha kazi ya ofisini niwe mbunifu wa kufuma. Inalipa? Niambie ukweli, usinipe moyo. (Karani, Nairobi)*

Kwa pateni peke yake, miaka ya kwanza, hapana. Mimi nakula kwa miguu minne: pateni, oda, darasa la Jumamosi la watu sita sebuleni kwangu, na uzi ninaonunua kwa jumla na kuwauzia hao hao wanafunzi. Pateni ndiyo mguu mwembamba kuliko yote, ila ndiyo pekee isiyonichosha mabega.

Kihistoria uhuru huu ni kitu kipya. Zamani ulimpelekea mhariri wa gazeti la kina mama, akakulipa mara moja, akaandika upya atakavyo. Yule Zimmermann niliyemtaja alipeleka sweta ya kufumwa kwa kuzunguka, wakaibadilisha iwe vipande vya kwenda na kurudi. Akachoka, akaanzisha jarida lake dogo la barua, na mwaka 1959 kampuni yake mwenyewe. Kisha mwaka 2007 wanandoa wa Kimarekani, Jessica na Cassidy Forbes, walianzisha mtandao wa Ravelry, ambako mfumaji yeyote anaweza kuweka faili la PDF na kuliuza mwenyewe. Mwaka huo huo M-Pesa ilianza kwenu Kenya. Naona kama vitu hivyo viwili vilizaliwa vikinitafuta.

Kabla ya kufungua duka la mtandaoni, hakikisha njia ya malipo inairuhusu nchi yako kupokea fedha. Kuna akaunti zinazoweza kulipa tu. Wewe wa Nairobi una nafuu, tangu 2018 unaweza kuhamisha fedha kati ya PayPal na M-Pesa.

Kuhusu bei, mteja atakuambia sweta ya mitumba ni shilingi kidogo tu. Usibishane naye, hamuuzi kitu kimoja. Ila kwa kroshia una hoja nzito. Mashine za viwandani zinafuma sweta usiku na mchana, lakini blauzi ya kroshia halisi bado hutengenezwa kwa mkono, hata ile unayoiona kwenye duka la vioo kwa bei ya kutupa. Kuna mtu mahali fulani aliketi akaifuma. Fikiria alilipwa nini. Andika saa zako kwenye daftari kwa kila kazi, zidisha kwa kile unachokubali kulipwa, ongeza uzi, na usione haya kuitamka.

Na usitoe kwa mali kauli kwa mtu usiyemjua. Niliwahi kumwachia mwenye duka mmoja kofia 14 za watoto, "zikiisha nakupigia". Nadhani bado hazijaisha, huu mwaka wa sita.

Kwa hiyo usiache ofisi. Toa pateni tatu kwanza, ukiwa na mshahara.

*Pateni yangu imetumwa kwenye kundi la WhatsApp la watu 200. Mwingine ametazama picha yangu akafuma shali kama yangu na anauza. Nishitaki wote? (Mfumaji, Tanga)*

Hayo ni mambo mawili. Hakimiliki, kwetu ni sheria ya mwaka 1999 inayosimamiwa na COSOTA, na Kenya wana KECOBO, inalinda ulichokitunga: picha zako, maneno yako na michoro yako, haya mawili ya mwisho uhai wako wote na miaka 50 baada ya kifo. Aliyesambaza faili amekosea. Mwandikie kiongozi wa kundi kwa upole, ambatisha ukurasa wenye jina lako na tarehe. Kundi moja liliwahi kuniomba radhi na watu kumi na moja wakanunua.

Wa pili mwache. Mshono si wako, na wazo la ua lenye petali nane si lako. Uliliona kwenye kitambaa cha nani? Mimi langu la kwanza nililiona kwenye kitambaa cha redio ya shangazi, imefunikwa mpaka spika.

*Napata wapi sufu halisi ya kondoo? Huku kote ni akriliki. (Moshi)*

Kenya. Nanyuki na Njoro kuna vikundi vya akina mama wanaosokota sufu kwa mkono, na nyingine wanaitia rangi za majani na mizizi. Ni nzito kidogo na inanukia kondoo mpaka uifue mara mbili. Osha kwa maji ya uvuguvugu na usiisugue, itajikaza.

Njia ya maskini, niliyoanzia mimi: sweta za sufu za mitumba, unazifumua. Geuza ndani uangalie pembeni. Kama vipande vimeunganishwa kwa mshono wa mnyororo, utafunguka na utapata uzi mrefu. Kama pembeni pamekatwa na kuzibwa kwa mashine ya ovaloki, rudisha, utapata vipande vya sentimita hamsini hamsini na machozi.

*Mimi ni mwanaume, nina miaka 22, nafuma. Marafiki wananicheka. (Kigoma)*

Kwenye kisiwa cha Taquile, Ziwa Titicaca, Peru, wanaofuma kofia kwa sindano ni wanaume, na UNESCO imeiweka sanaa yao ya nguo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Na Lamu hapo, kofia hizo hizo za marafiki zako zinashonwa na wanaume wenye ndevu, barazani, mchana kweupe. Nitumie picha ya kazi yako, upande wa nyuma pia. Wa mbele kila mtu anajua kuupamba.