Maswali yenu kuhusu kujenga sauna: hewa kwanza, mbao baadaye

Barua za safari hii karibu zote zinauliza mbao za sauna, kile chumba cha mbao chenye joto kali na mvuke cha kutolea jasho. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, na zinazofanana nimeziunganisha. Wanaouliza "sauna ni bei gani?" bila kutaja ukubwa wa chumba, aina ya jiko, wala kama kuta zimeshasimama au bado, naomba wasisubiri jibu. Swali la namna hiyo halina jibu.

Mbao ipi ni bora kuliko zote? Fundi wangu ananishauri mtiki kila mahali kwa kuwa hauozi.

Fundi wako anafikiria mlango wa nje. Sauna ni kitu kingine, na ndani yake ukuta na benchi havidai mbao ya aina moja.

Kwa ukuta, paini na sprusi zilizokauka vizuri zinatosha kabisa. Wafini, yaani watu wa Finland, wamezitumia kwa vizazi na vizazi, na hakuna watu wanaoijua sauna kuwashinda. Mwerezi mwekundu wa Amerika Kaskazini unanukia vizuri na unastahimili unyevu, lakini wapo ambao harufu na vumbi lake vinawakera kifua. Ukitaka kuutumia, kaa kwanza na kipande chake karibu na joto ujue mwili wako unasemaje.

Benchi ndilo linalogusa ngozi tupu, na hapo tunatafuta mbao nyepesi, isiyo na utomvu wala vifundo: aspeni, alda, au abachi ya Afrika Magharibi. Mbao nyepesi ina hewa nyingi ndani yake, kwa hiyo haipitishi joto haraka, na unaweza kuikalia hata chumba kikiwa na nyuzi 90. Mtiki ni mzito, na mbao nzito inachoma. Kifundo nacho ni kigumu kuliko mbao inayokizunguka na mara nyingi kina utomvu ndani. Hicho ndicho kitakachokuachia alama pajani. Kagua kila ubao wa benchi kwa mkono, pande zote mbili, kabla haujapigwa skrubu.

Skrubu zenyewe ziwe za chuma kisichoshika kutu na zipigwe kutoka chini. Kichwa cha msumari kilichojitokeza juu ya benchi kinaunguza kama pasi.

Mbao iliyookwa kwa nyuzi 190 hadi 212 bila dawa yoyote ni chaguo zuri pia. Hainywi unyevu sana wala haijikunji ovyo. Ila kuokwa kunaipunguzia nguvu, hivyo weka mihimili ya benchi karibukaribu zaidi.

Nipake vanishi ili ing'ae?

Hapana. Wala rangi. Benchi unaweza kulipaka mafuta ya parafini yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Ukuta uache kama ulivyo.

Plaiwudi ni rahisi kuliko mbao. Kuna ubaya gani nikiitumia ukutani? (Wengine mmeuliza MDF, zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa, mwingine mbao chakavu zilizotiwa dawa ya mchwa.)

Nimeshalijibu hili tena na tena na bado linarudi. Plaiwudi na MDF zimeshikwa kwa gundi, na gundi nyingi za aina hiyo hutoa fomaldehidi, gesi yenye sumu, hasa zikipashwa moto. Utakuwa umejifungia kwenye chumba kidogo, unavuta pumzi ndefu, jasho linakutoka, na ukuta unakutemea kemikali. Mbao ya dawa ni mbaya vilevile: dawa hizo ziliwekwa ili ziue viumbe. Pesa zikipungua, jenga sauna ndogo zaidi. Usijenge kubwa yenye sumu.

Nina chumba cha tofali tayari. Fundi anasema tupige lipu, tugongelee mbao juu yake, kazi imekwisha. Ni sawa?

Si sawa, na hili ndilo kosa linalokula pesa za watu kuliko yote. Tofali na zege hunywa joto. Utawasha jiko, saa moja itapita, ya pili itaingia, na chumba bado kitakuwa vuguvugu, kwa sababu unapasha ukuta mzima kabla hujapata joto lako mwenyewe.

Kutoka ukutani kuja ndani, mpangilio ni huu. Kwanza fremu ya mbao, na katikati yake sufu ya mawe (nyuzi za mwamba zinazozuia joto lisitoroke), sentimita 10 hivi kwa kuta na 15 kwa dari, kwa kuwa joto hupanda. Juu ya sufu inatandazwa foili ya alumini chumba kizima, kuta na dari, na kila kiungo kinazibwa kwa utepe wa alumini. Juu ya foili zinapigwa papi nyembamba za kuacha mwanya wa sentimita 2 hadi 3. Mbao zako ndipo zinafuata.

Watu wengi huuruka mwanya huo kwa kuwa hauonekani. Kazi zake ni mbili. Foili hurudisha joto linalosafiri kama miale pale tu inapotazamana na hewa. Ukiigandisha kwenye ubao inabaki kupitisha joto kama bati lolote. Kazi ya pili ni kukausha mgongo wa mbao. Niliwahi kuitwa kwenye sauna iliyokuwa inanuka ukungu ingawa mbao zake zilikuwa safi kwa macho. Tulipong'oa mbao tatu za chini, migongo yote ilikuwa myeusi, misumari imeoza kwa kutu, na foili imelaliwa na mbao moja kwa moja. Kiungo kimoja cha foili hakikuzibwa, na sufu nyuma yake ilikuwa inakamulika maji. Mwenye nyumba alikuwa ameagiza mbao ghali kuliko zote sokoni. Zilitupwa.

Kwa hiyo acha pia upenyo mdogo juu na chini ya mbao ili hewa ipite nyuma yake, na mbao ya mwisho isiguse sakafu. Karatasi ya nailoni haiwezi kuchukua nafasi ya foili, itaharibika kwa joto. Povu jeupe linalofungia vifaa vya umeme ndiyo kabisa lisiingie, kwani hulainika joto likikaribia nyuzi 80 na linashika moto upesi.

Baada ya dakika chache tunaumwa kichwa na kujihisi wazito. Fundi hakuweka matundu ya hewa ili joto lisipotee. Tubadilishe mbao?

Msiguse mbao. Mnaumwa kwa sababu mnavuta hewa mliyokwisha kuitoa. Watu watatu katika chumba kidogo kilichozibwa vizuri hujaza kaboni dioksidi haraka mno, na kichwa ndicho cha kwanza kulalamika.

Nimeandika kuhusu hewa hadi nimechoka kusomwa nusunusu. Watu wanalinganisha picha za mwerezi mwezi mzima, kisha tundu la hewa wanamwachia fundi aliamue siku ya mwisho. Ingekuwa amri yangu, hakuna ambaye angenunua ubao kabla hajachora matundu mawili kwenye karatasi.

Hewa yote ya chumba inatakiwa ibadilike kama mara 6 kwa saa. Kwa jiko la kuni, hewa safi iingie chini, karibu na jiko. Kwa jiko la umeme, ikiwa una feni ya kutolea hewa, tundu la kuingizia liwe juu ya jiko, ili hewa baridi ikutane na joto linalopanda na vichanganyike kabla ya kuwafikia waliokaa. Tundu la kutolea liwekwe mbali na jiko, chini ya benchi la juu. Lisiwe darini. Tundu la darini linatupa nje joto na mvuke uliokwisha kuulipia, na kukuachia miguu ya baridi. Ukitaka la darini kwa ajili ya kukausha chumba, liwekee kifuniko, lifunguliwe watu wakishatoka.

Wenye majiko ya kuni mna jambo la ziada. Jiko nalo linahitaji hewa, na likikosa linatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na inaua. Tundu la hewa lisizibwe kwa taulo hata siku moja. King'ora cha gesi hiyo kifungwe chumba cha pembeni, kwani ndani ya sauna joto litakiharibu. Dohani ipite mbali na mbao kwa umbali alioandika mtengenezaji wa jiko, si kwa umbali anaouona fundi unatosha.

Jiko la kilowati ngapi?

Kilowati 1 kwa kila mita ya ujazo, kisha ongeza mita ya ujazo 1.2 kwa kila mita ya mraba ya kioo, tofali au vigae visivyo na kizuia joto nyuma. Chumba cha mita 2 kwa 2 chenye kimo cha mita 2.2 kina mita za ujazo 8.8. Mlango wa kioo wa sentimita 80 kwa 190 unaongeza kama 1.8. Jumla ni 10.6, basi tafuta jiko la kilowati 10 au 11.

Usinunue kubwa kupita kiasi ukidhani unajihami. Hewa itafikia joto haraka, jiko litajizima, na mawe yanayopangwa juu ya jiko ili yatoe mvuke bado hayajaiva. Utamwaga maji, yatachuruzika chini bila mvuke. Na kuunganisha jiko la umeme ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni. Jiko la ukubwa huo kwa kawaida linadai umeme wa fezi tatu.

Naweza kuokota mawe ya mtoni?

Usithubutu. Jiwe la mtoni linaweza kuwa na maji yaliyonaswa ndani, likipata moto linapasuka na vipande vinaruka. Jiwe la chokaa linavunjika na kuwa unga. Mawe yenye kwatzi nyingi (madini magumu yanayong'aa kama kioo) hupasuka kwa sababu kwatzi hubadilika umbo na kutanuka ghafla karibu na nyuzi 573. Nunua peridotiti au diabase yenye olivini, aina za mawe mazito yanayostahimili moto, yaoshe, yapange kwa kulegea ili hewa ipite kati yake. Mwaka ukiisha yatoe yote, yaliyomeguka tupa. Maji ya kumwagia yawe safi yasiyo na chumvi. Ya bahari au ya bwawa lenye klorini yanakula jiko.

Fundi ametengeneza benchi moja la sentimita 45, kimo cha kiti cha kawaida. Dari ni mita 3. Kichwani tunasikia joto, miguuni baridi.

Mmekaa kwenye sakafu ya baridi wakati joto lote limejikusanya juu yenu. Kanuni ya Wafini ni kwamba nyayo ziwe usawa wa juu ya mawe au zaidi. Kwa hiyo unahitaji ngazi mbili au tatu za mabenchi, na la juu liwe sentimita 110 hadi 120 chini ya dari. Dari ya mita 3 ishushe. Mita 2.4 hadi 2.6 zinafaa, kutegemea kimo cha jiko lako: jiko refu linadai mabenchi yapande, na mabenchi yakipanda dari lazima ipande nayo. Ndiyo maana jiko huchaguliwa kabla ya dari. Kati ya mbao za benchi acha nafasi ya sentimita 1 hivi, joto na hewa vipite.

Hili linanigusa kwa sababu wazee na wenye damu isiyozunguka vizuri ndio wanaoumia zaidi na miguu ya baridi, na ndio wanaohitaji pia ngazi pana na mshikio imara wa kupandia. Viweke vyote viwili.

Sauna ya umbo la pipa ni nzuri?

Inapendeza bustanini. Ndani yake dari imejikunja, benchi haliwezi kupanda, miguu inabaki chini ya mawe, na ubao mmoja mwembamba ndio ukuta na ndio kizuia joto. Kwa fedha ileile, kibanda cha pembe nne kilichofungwa sufu na foili kitakupa joto bora zaidi.

Na kabati la miale ya infraredi, ile ya joto isiyoonekana kwa macho?

Halina mawe, halina mvuke, na kwa kawaida huishia nyuzi 60 hivi. Likikufaa kwa maumivu ya misuli, litumie kwa amani. Usiliite sauna wala usiniulize mawe yake.

Sakafu iwe ya mbao ili ifanane na kuta?

Zege lenye kizuia maji na vigae visivyoteleza, mteremko wa kama sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Juu yake weka vichanja vya mbao vinavyonyanyuka, uvitoe nje vikauke.

Nataka kitasa chenye ufunguo, watoto wasiingie jiko likiwa linawaka.

Kufuli lisiwepo kwenye mlango wenyewe wa sauna, wala komeo la aina yoyote. Aliyeishiwa nguvu ndani anatakiwa autegemee mlango kwa bega tu nao ufunguke. Kwa hiyo ufungukie nje, ushikwe na sumaku au kigololi cha springi, na mshikio uwe wa mbao pande zote mbili. Watoto wazuie kwa kufunga mlango wa chumba cha kubadilishia nguo wakati hakuna mtu ndani. Jiko lenyewe lizungushie uzio wa mbao kwa umbali ulioandikwa kwenye maelekezo yake. Na usimruhusu yeyote, mkubwa wala mdogo, kuanika taulo au nguo juu ya jiko hata likiwa limezimwa: anayefuata atawasha bila kutazama.