Maswali ya Bustani: Asumini ya Manjano, Roshani ya Michenzani na Mchicha wa Ugenini

Barua za mwezi huu wa Februari zimekuja takriban zote na jambo moja. Kiangazi kimekausha ua, kaskazi ingali inavuma, na wasomaji wanauliza washughulike na nini kabla masika hayajaanza. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu tatizo lake limo katika nyumba nyingi za pwani ya mashariki ya Unguja, nami mwenyewe limewahi kunifika.

Assalamu alaykum, Bibi. Mimi ni mkaazi wa Jambiani. Wifi yangu wa Kizimbani alinipa mche wa asumini, nikaupanda mbele ya mlango. Mwaka wa kwanza ulichanua vizuri, lakini sasa majani machanga yanatoka ya manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, na maua ni mawili matatu tu. Nimeutilia majivu ya jikoni, nimezika misumari yenye kutu kama nilivyoshauriwa, na kila siku naumwagilia maji ya kisima. Mama mkwe wangu anasema ni jicho la watu. Nifanye nini?
Msomaji, Jambiani

Waalaykumu salaam, mwanangu. Jicho la watu sina dawa yake, ila majani uliyoyaeleza yana habari yao. Mmea unapokosa mbolea, manjano huanzia kwenye majani makongwe ya chini, na jani lote hubadilika rangi pamoja na mishipa yake. Kwako wewe yanaumwa majani machanga ya juu, na mishipa imebaki ya kijani kama nyuzi za wavu. Hiyo ni dalili ya mmea uliokosa madini ya chuma, na kwa Jambiani, Paje, Makunduchi na vijiji vyote vilivyojengwa juu ya mawe ya matumbawe, sababu yake kubwa ni chokaa iliyomo ardhini. Chuma huenda kimo tele katika udongo huo, lakini chokaa hukifunga kisiyeyuke, na mzizi haunywi kisichoyeyuka. Ndiyo maana misumari yako ya kutu haikusaidia kitu, kwa kuwa umeongeza chuma mahali ambapo chuma kinafungwa.

Kama unataka kuhakikisha, chukua udongo mkavu wa pale shinani ujazo wa kijiko kimoja, uutie katika kisahani, kisha uukamulie nusu ya ndimu na uinamishe sikio. Ukisikia unachachatika na ukaona povu dogo likipanda pembeni mwa vichembe vyeupe, hiyo ni chokaa inayopambana na ukali wa ndimu. Udongo wa wifi yako wa Kizimbani ukiufanyia hivyo hivyo, naamini utakaa kimya, na hapo utafahamu kwa nini mche ulikuwa na furaha mwaka wa kwanza: ulikuja na donge lake la udongo wa kwao, na mizizi haikuwa imetoka nje ya donge hilo.

Majivu ndiyo yaliyozidisha balaa, na hapa nakiri kosa langu. Nilipokuwa msichana niliachiwa asumini ya mama yangu niitunze wakati yeye yuko safarini, nami kwa bidii nikaupa mmea ule majivu ya mafiga kila Ijumaa, kwa kuwa nilisikia kwamba majivu ni mbolea. Ni mbolea kweli, lakini yana tabia ileile ya chokaa, na kuyatia kwenye udongo wa mawe ni sawa na kumwongezea chumvi mtu mwenye kiu. Mama alirudi akakuta vijiti.

Sasa fanya hivi. Usiung'oe mmea kwa jua hili, bali subiri mvua za mwanzo zilainishe hewa, kisha uchimbue kwa uangalifu na uuhamishie katika ndoo kubwa chakavu au chungu chenye matundu chini, ukiujazia udongo mwekundu wa bara ya kisiwa, ule tunaouita kinongo, uliochanganywa na mboji ya majani yaliyooza vizuri. Chini kabisa tandika makumbi ya nazi, kwani hushika unyevu na kuzuia udongo usitoroke kwenye matundu. Ikiwa lazima ubaki ardhini, chimba shimo jipya kwa mtaimbo, upana wa mkono mzima na kina cha namna hiyo, ujaze udongo huohuo. Lakini jua kwamba maji ya mvua yataendelea kuleta chokaa kutoka pembeni, kwa hiyo mimi nashauri chungu. Samadi iwe iliyokaa miezi kadhaa, kwa kuwa mbichi huunguza mizizi.

Jambo la pili ni maji. Angalia birika lako la chai: ule utando mweupe ulioganda ndani ndio unaomwagia asumini kila siku, maana maji ya kisima kilichochimbwa kwenye matumbawe hubeba chokaa, na karibu na bahari hubeba na chumvi pia. Dawa yake inakuja yenyewe kutoka mbinguni. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Basi paa dogo la mita za mraba 40, ikinyesha milimita 10 tu, litakupa karibu lita 400, yaani mapipa mawili yaliyojaa, ukitoa kidogo kinachopotea. Aprili ndiyo kilele cha masika, kwa hiyo mchirizi wa bati na mapipa yenye vifuniko vitafutwe sasa, kabla fundi hajawa na foleni.

Wakati mmea unajirudi, unaweza kununua katika duka la pembejeo mbolea ya majani yenye chuma na kuinyunyiza jioni, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Majani mapya yatakuwa ya kijani. Yale ya zamani huenda yasirudi rangi, usiyahesabu. Ukiona chipukizi zimeshika, punguza matawi kwa kiasi cha theluthi, kwa sababu asumini huzaa maua kwenye matawi machanga, na mmea usiopogolewa hurefuka tu kama mtu anayechungulia ukutani. Upate jua la nusu siku angalau. Vitumba vya kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, vichumwe alasiri vikiwa bado vimefumba, vitafunguka usiku vikiwa mikononi mwako.

Mhariri, tunakaa ghorofa ya nne katika majumba ya Michenzani. Roshani yetu inatazama kaskazini, na tangu Novemba mimea yangu ya mrihani na pilipili imedhoofika na kurefuka. Mume wangu anasema roshani hii haifai bustani. Je, ni kweli?
Msomaji, Michenzani

Mumeo amehukumu mapema, dada yangu. Kisiwa chetu kipo takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na kuanzia mapema Oktoba hadi mapema Machi jua la saa sita hupita upande wa kusini wa utosi wetu, kwa hiyo roshani inayotazama kaskazini hubaki kivulini miezi yote hiyo. Mwanzoni mwa Machi jua hupita juu kabisa ya kichwa, kisha huhamia kaskazini na kukaa huko hadi Oktoba. Maana yake ni kwamba roshani yako, iliyokuwa maskini tangu Novemba, inakaribia msimu wake, na jirani yako wa upande wa pili ndiye atakayelalamika.

Tumia wiki hizi kukata mrihani uliorefuka, ukibakisha vifundo viwili au vitatu vya majani juu ya udongo, nao utachipua kwa pembeni. Vile vilivyokatwa vitie katika gilasi ya maji, vitatoa mizizi. Pilipili ibadilishiwe udongo wa juu kwa mboji. Ghorofa ya nne ina upepo mkali, kwa hiyo vyungu vifungwe kwenye nondo za roshani, visije vikamwangukia mpita njia, na mwezi wa Aprili, upepo unapogeuka kuwa kusi, vitazame upya vilivyofungwa. Nakuomba pia visahani vya chini ya vyungu uvimwage kila baada ya siku mbili tatu, maana mbu hawahitaji zaidi ya hayo maji kidogo ili wazaliane, na wale wanaoeneza homa ya dengue hupenda hasa vyombo vya majumbani.

Bibi, kila nikimwaga mbegu za mchicha uani, sisimizi huzibeba zote kabla hazijaota, na zinazosalia huchakurwa na kuku wa jirani. Naogopa masika yatanikuta bila tuta.
Msomaji, Chake Chake

Usiogope, una wiki kadhaa. Tengeneza tuta lenye upana wa mita moja, ili uufikie mkono kila upande bila kukanyaga, na uliinue shubiri moja, kwa sababu mvua ya masika ikikuta mbegu kwenye udongo wa chini huzifagia hadi mtaroni. Changanya mbegu na mchanga mkavu, kijiko kimoja cha mbegu kwa vikombe viwili vya mchanga, uzimwage kwenye mistari isiyo na kina, uzifunike kidogo sana, umwagilie kwa kopo lililotobolewa, kisha uzungushie tuta utepe wa majivu makavu usiokatika, upana wa vidole vinne. Ndiyo, nimesema majivu, na msomaji wa Jambiani asinishangae: udongo mwekundu wa Chake Chake hauna chokaa ya matumbawe. Ukilowa utepe, urudie. Funika tuta kwa kuti bichi hadi siku ya tatu au ya nne, na mbegu zikichomoza uliondoe jioni, wala si saa sita mchana. Kuku wazungushiwe neti kuukuu ya samaki. Jirani usimwambie neno kwanza, muwekee fungu la mchicha wa mwanzo, kisha mzungumzie kuku.

Assalamu alaykum. Mimi ni mtu wa Wete, sasa naishi Leicester, Uingereza, na watoto wangu wawili. Huku majira ya machipuko yanakaribia, na madukani mbegu zimejaa. Nataka kupanda mchicha katika bustani ndogo nyuma ya nyumba, kama tulivyokuwa tukipanda na bibi yangu. Naweza kuanza Machi? Na shangazi anaweza kunitumia mbegu za kwetu?
Msomaji, Leicester

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Machipuko ya huko yana ghiliba: siku zinarefuka, jua linatoka, mtu anavua koti, na usiku huohuo umande unaganda kuwa barafu. Mchicha hauna ustahimilivu nayo hata usiku mmoja. Usiuanze Machi nje kwa hali yoyote. Mwishoni mwa Aprili mwaga mbegu katika vikopo ndani ya dirisha linalopata jua, penye joto la nyuzi 20 au zaidi, uvigeuze vikopo kila siku kwa kuwa miche hulalia upande wa mwanga, kisha uipeleke nje mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, ukiizoesha kwanza kwa saa chache mchana kwa muda wa wiki moja. Watu wa asili ya Karibiani wanaoishi huko huulima mchicha huo na kuuita callaloo, basi ukimkuta mmoja wao kwenye viwanja vya bustani, umepata mwalimu.

Machi yako isipotee bure. Panda pilipili mara moja ndani ya nyumba, kwa sababu huchukua muda mrefu mno kukua, na tungule zifuate. Watoto wako wapewe kotmiri, ambayo Aprili huota nje bila taabu na haichukii baridi kidogo; mtoto anayeona kitu kikichomoza ndani ya wiki mbili tatu hachoki kumwagilia.

Kuhusu mbegu za shangazi, Uingereza inadai cheti cha afya ya mimea kwa mbegu za kupanda zinazotoka nje kama huku kwetu, na pakiti iliyofichwa katika kanga itachukuliwa na kuharibiwa. Nunua mbegu huko huko. Shangazi akitaka sana kukuletea kitu, mwambie kwamba nazi na doriani hazidaiwi cheti hicho, ingawa kwa upande wa doriani itabidi kwanza awaulize watu wa ndege, na abiria watakaokaa karibu naye.