Barua kwa Mwanangu: Muulize Nani Alimfundisha

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika na swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja, kwa maana limegusa kitu ninachokipenda tangu utoto. Umeandika kwamba simu inakuletea nyimbo zilezile hata ukibadilisha orodha. Unatamani nyimbo za gitaa kavu na sauti ya mtu, za wanamuziki wasio na kampuni nyuma yao, wala hujui pa kuzipata. Kisha ukaongeza kwamba ukibahatika kupata wimbo mzuri, ukautuma kwenye kundi la WhatsApp la kazini, hakuna anayeufungua. Ukaniuliza, "Baba, nyinyi mlikuwa mnafanyaje?"

Sisi tuliwafuata watu, mama. Tulimfuata mpigaji, tukauliza amejifunza kwa nani, tukaenda kwa huyo naye. Na wimbo tulimpelekea mtu, si umati. Najua utasema hayo ni ya enzi za gramafoni, lakini nadhani leo yanahitajika zaidi.

Fikiria simu yako inavyofanya kazi. Programu inatazama ulichosikiliza, inatafuta wengine waliosikiliza hicho hicho, halafu inakuletea walichosikiliza hao wengine. Wimbo uliopita masikioni mwa watu milioni umeacha nyayo tele za kufuata. Wimbo wa kijana wa Mbale aliyejirekodi chumbani, ukasikilizwa na jirani na binamu zake, haujaacha chochote, kwa hiyo haukufikii. Hata malipo yanakwenda mkondo huo: tangu 2024, programu ya muziki ya Spotify hawalipi wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12. Kwa mwenye jina kubwa hizo ni za asubuhi moja. Kwa anayeimba Kitiriki akiwa na gitaa moja, ni safari ndefu. Ndiyo maana sitaki uiachie mashine kazi ya kukutafutia. Haimwoni yule unayemtafuta.

Sasa nikupe mfano ninaoujua vizuri, kwa sababu muziki wa nyumbani kwetu umetokana nao kwa sehemu kubwa.

Mwaka 1952, Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo ya kurekodi, alimkuta kijana akipiga gitaa barabarani huko Jadotville, Katanga, kusini mwa Kongo. Mji huo leo unaitwa Likasi. Kijana alikuwa Mwenda Jean-Bosco. Alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, lakini ukiisikiliza "Masanga" utaapa kwamba kuna magitaa mawili na wapigaji wawili. Gumba linatembea chini kwa utulivu, kidole kinacheza juu kama hakijui gumba linafanya nini, halafu ghafla unagundua vimekuwa vikijibizana tangu mwanzo. Nimeisikiliza maisha yangu yote na bado kuna pahali hunishika koo.

Santuri zilizotokana na rekodi hizo zikasambaa. Mwenda aliimba Kiswahili cha kwao Katanga, nasi huku tukaelewa. Edouard Masengo, mwenzake wa Katanga, akaja hadi Nairobi kupiga. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu David Rycroft akakaa na "Masanga" akaiandika nota kwa nota katika jarida la muziki wa Afrika, na mwaka 1969 Mwenda mwenyewe akapanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Yote hayo yalitokana na mtu mmoja kusimama barabarani akasikiliza.

Baba yangu mdogo alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Santuri zake zilihama kutoka boma hadi boma, na aliyeazima alikuwa lazima aseme atakwenda kumpigia nani. Sheria hiyo aliitunga yeye na hakuipuuza kamwe. Vijana wenye gitaa walijibana karibu na ile pembe ya gramafoni inayotoa sauti, wakirudisha sindano mwanzo tena na tena, wakitafuta kidole kilikuwa kwenye uzi gani. Asiyeweza kupata alimwendea aliyepata. Hivyo wimbo wa Katanga ukafika kwetu magharibi mwa Kenya kupitia mikono, mmoja baada ya mwingine, na kila mkono ukauongezea cha kwao.

Katika miaka hiyo ndipo omutibo, mtindo wa gitaa wa huku kwetu, ulipochanua. Wewe umeusikia harusini ukiwa mdogo: gitaa moja, sauti, na chupa ya Fanta yenye mikunjo ikigongwa na kukwaruzwa kwa chuma. George Mukabi wa Kisa ndiye jina la kwanza ambalo mzee yeyote wa huku atakutajia. Alifariki mwaka 1963, lakini mwanawe, Johnstone Ouko Mukabi, aliupokea mtindo huo akaupiga, na mwaka 2017 rekodi za marehemu zikatolewa upya huko Marekani katika albamu "Furaha Wenye Gita". Tazama njia ilivyo. Ukimpata Mukabi, unampata mwanawe. Ukimsikiliza mwanawe, unaanza kuuliza ni nani mwingine anayepiga hivyo Khwisero, Butere, Emuhaya. Ukiuliza hivyo, tayari umekwishatoka mahali simu yako inapoweza kufika.

Kwa hiyo ukisikia wimbo mmoja unaokugusa, usikimbilie unaofuata. Ukae nao. Soma majina yaliyo chini yake: nani kapiga gitaa, nani karekodi, nani ameshukuriwa mwishoni. Watu wanayaruka majina hayo, na kwangu ndiyo hazina yenyewe. Mpiga fidla aliyesaidia wimbo mmoja ana albamu yake mahali. Fundi aliyerekodi ana wengine kumi wa namna hiyo. Pale Nairobi kuna Ketebul Music, iliyoanzishwa na Tabu Osusa mwaka 2007. Hao walimrekodi Olith Ratego, aliyechukua dodo, uimbaji wa akina mama wa Kijaluo, akaufanya wa kwake kwa sauti ambayo sijasikia mfano wake. Tena wakishirikiana na Abubilla ya London, katika mradi wa Singing Wells, wamebeba studio garini wakaenda vijijini Kenya, Uganda na kwingineko, kurekodi watu palepale wanapokaa. Jina moja la fundi kama huyo litakupa miezi ya kusikiliza.

Na usidhani ninakwambia ubaki kwetu tu. J.S. Ondara alizaliwa na kukulia Nairobi, bila hata chombo cha kupigia nyumbani. Alipokuwa mwanafunzi alibishana na rafiki yake kuhusu mwenye wimbo "Knockin' on Heaven's Door". Yeye alishikilia kuwa ni wa bendi ya Guns N' Roses. Wakawekeana dau, akashindwa, na ndipo akalijua jina la Bob Dylan, mtunzi wake. Angeweza kuishia hapo, lakini alilifuata jina hilo. Alisikiliza, akaenda Minneapolis mwaka 2013, akajifunza gitaa mwenyewe, na mwaka 2019 akatoa "Tales of America", albamu iliyoteuliwa kuwania Grammy. Sikiliza anavyoimba: gitaa kidogo sana, mara nyingine hakuna hata gitaa, sauti imepanda juu mno na imesimama peke yake. Kijana wa Nairobi akiimba muziki wa kijijini Marekani, na hakuna anayeweza kumwambia si wake. Kilichomfungulia mlango ni ubishi juu ya nani aliutunga wimbo.

Nije kwenye swali lako la pili, maana naona ndilo linalokuuma.

Wenzako hawaukatai wimbo wako. Umewatumia kitu kinachohitaji utulivu mahali pasipo na utulivu. Kundi la kazini lina matangazo ya mkutano, michango ya mazishi, vichekesho na picha za watoto. Gitaa kavu halipigi kelele kushindana na hayo. Kuna kisa ninachokipenda cha mwaka 2008. Watu wawili wa redio ya umma ya Marekani, Bob Boilen na Stephen Thompson, walikwenda kumsikiliza Laura Gibson kwenye baa mjini Austin. Mama huyo anaimba chinichini, na kelele za watu zikammeza. Thompson akasema kwa mzaha kwamba afadhali aje aimbie kwenye dawati la Boilen ofisini. Kweli akaja, wakamrekodi, na huo ndio mwanzo wa maonyesho ya Tiny Desk yanayotazamwa leo dunia nzima. Wimbo ulikuwa uleule wa baa. Walichobadilisha ni chumba.

Basi wewe nawe mtafutie wimbo chumba. Mchague mtu mmoja. Usimchague kwa sababu anapenda muziki. Mchague kwa sababu wimbo huu, kwa jambo fulani, ni wake. Shangazi yako alipofiwa na mumewe, nilimpelekea wimbo mmoja tu wa omutibo, nikamwambia asikilize ubeti wa tatu jioni watoto wakishalala. Sikumuuliza tena. Baada ya muda alinipigia akitaka kujua mwimbaji ni wa wapi, na leo anawajua wapigaji ambao mimi siwajui. Ukimwandikia mtu, mwambie ni pahali gani pa wimbo palipokushika, na kwa nini umemkumbuka yeye. Sentensi mbili zinatosha. Halafu mwache. Ukimfuatafuata kumuuliza kama amesikiliza, umeugeuza wimbo kuwa deni.

Na mtumie wimbo pamoja na jina. Hilo nalisisitiza, mama. Tazama "Malaika". Fadhili William aliirekodi, Miriam Makeba akaifikisha duniani, na mpaka leo watu wanabishana iwapo mtunzi ni Fadhili au Adam Salim. Ikiwa wimbo mkubwa namna ile umeweza kubaki na swali juu ya mwenyewe, huyu kijana wa gitaa moja atapotea mara ngapi? Klipu isiyo na jina ikizunguka kwenye stetasi za watu inamfurahisha kila mtu isipokuwa aliyeitoa moyoni mwake. Andika jina lake lilivyo, andika anakotoka, andika lugha anayoimbia.

Kuhusu pesa nitasema kwa ufupi. Ukiweza kununua, nunua. Bandcamp, duka la mtandaoni ambako wanamuziki huuza kazi zao, huchukua asilimia 15 ya mauzo ya muziki wa kupakua, na tangu Machi 2020 wana Ijumaa maalumu ambazo husamehe fungu lao. Kwa msanii wa hapa nyumbani, M-Pesa ya shilingi mia mbili pamoja na ujumbe wa kutaja wimbo uliokugusa ina uzito ambao huenda huujui. Na mkiwa na hafla, mwiteni apige, mlipe kabla hajafungua mfuko wa gitaa.

Umenitajia kwa haraka, katika mstari mmoja tu, kijana anayepiga jioni kwenye mkahawa ulio karibu na kazini kwako, kwamba anapiga kwa gumba na kidole kimoja na anaimba kitu usichokielewa. Mbona hilo umelipita? Huyo ndiye uliyekuwa unamtafuta. Nenda Ijumaa mapema kabla watu hawajajaa, ukae karibu, na akipumzika mnunulie chai umuulize jina, kwao, na nani alimfundisha. Akikutajia mwalimu, muulize kama yu hai na kama anapokea wageni. Ukinipigia Jumamosi asubuhi uwe na jina hilo, kwa maana ikiwa ni wa huku kwetu, naweza kumfikia kwa pikipiki kabla ya adhuhuri, na mama yako amesema naye atakuja.

Ni mimi babako.