Linux kwenye laptopu ya mtumba: kwa nini?
Umeuliza kwa nini uweke Linux (mfumo endeshi wa bure, mbadala wa Windows) kwenye hiyo laptopu ya mtumba uliyonunua Luthuli, Nairobi, yenye prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha 6 na RAM GB 4. Sababu kubwa ni usalama: msaada wa kawaida wa Windows 10, pamoja na masasisho ya usalama, uliisha 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, ambayo yako haifiki. Mashine yenyewe ni nzima, tafadhali usiitupe.

Chukua Linux Mint 22, aina mojawapo ya Linux, toleo la Xfce (lenye mwonekano mwepesi unaofaa RAM ndogo). Haina leseni ya kulipia, na masasisho yapo hadi 2029. Faili ni karibu GB 3, kwa hiyo ipakue kwenye Wi-Fi usije ukamaliza bando. Iandike kwa programu ya Etcher kwenye flashi ya GB 8, washa laptopu ukibonyeza F12 (HP ni F9), uijaribu hapohapo bila kugusa diski. Wi-Fi ikikataa, mara nyingi ni chipu ya Broadcom: chomeka simu kwa waya wa USB, iipe laptopu intaneti, kisha usakinishe draiva (programu inayoendesha chipu hiyo).

Hamisha faili zako kwanza, maana ukichagua kufuta diski hakuna kinachobaki. Ila kama kazi yako ni Excel zenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili), usihame bado. Kwenye LibreOffice, programu ya ofisi inayokuja na Mint, makro nyingi hugoma.