Uso wa nyumba na kilicho nyuma yake: maswali ya wasomaji

Assalamu alaykum wahariri. Nyumba yetu iko Langoni, ya mawe, tumeirithi kwa bibi. Miaka miwili nyuma tuliona haya kwa ukuta wa mbele ulivyochakaa, tukaupiga plasta ya simiti na kuupaka rangi ya plastiki. Ukapendeza. Sasa kutoka chini hadi usawa wa kiuno umevimba, unatoa unga mweupe, na vipande vinaanguka pamoja na jiwe lake. Fundi anasema tuongeze simiti yenye dawa ya kuzuia maji. Tumsikilize?
*Mama wa Langoni, Lamu*

Wa alaykum salaam, mama. Katika hili msimsikilize. Dawa hiyo itafunga mlango ambao tayari umefungwa, na ugonjwa utapanda juu zaidi.

Jiwe la matumbawe lina vitundu vidogo vingi, na hunyonya maji ya ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta. Katika mji ulio ukingoni mwa bahari, maji hayo hupanda na chumvi yake. Plasta ya chokaa haiyazuii. Huyaacha yatoke nje taratibu na kukauka na upepo, na chumvi hubaki juu juu, ikapukutika kidogo kidogo. Simiti ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na haipitishi unyevu vizuri, na rangi ya plastiki juu yake ni kama kumvisha mtu koti la mvua wakati wa jua kali. Maji hukwama nyuma ya plasta, chumvi huganda humo kuwa chembe, chembe hukua na kusukuma. Ndiyo huo uvimbe. Na kwa kuwa simiti imeshikana na jiwe kwa nguvu kuliko jiwe linavyojishika lenyewe, inapoanguka huondoka na uso wa jiwe.

Anzeni kwa kutafuta maji yanakotoka. Tazameni mfereji wa mbele ya mlango: umepasuka, umeziba? Njia imewekwa matofali mapya yakawa juu kuliko sakafu yenu? Nyuma ya ukuta huo kuna choo, birika au bomba? Chanzo kikibaki, kazi yote inayofuata ni ya bure.

Kisha bandueni simiti yote katika sehemu iliyoathirika, na mpande nusu mita hadi mita moja juu ya alama ya mwisho ya unyevu. Tumieni nyundo ndogo na patasi, si mashine ya kubomolea, kwa sababu mtikisiko wake hulegeza mawe ya ndani. Unga mweupe upigwe brashi kavu. Msiumwagie maji, maana maji huyeyusha chumvi na kuirudisha ndani. Unga huo ukusanywe na kutupwa mbali. Ukiachwa chini ya ukuta, mvua ya kwanza itaurudisha ulikotoka.

Acheni ukuta wazi ukauke. Hapa ndipo watu wengi huharibu kazi, kwa kuwa ukuta ulio uchi mbele ya majirani huonekana kama aibu na kila mtu anataka ufunikwe kabla ya Idi. Ukuta wa unene wa nusu mita haukauki kwa wiki mbili. Upeni miezi, hasa ya kaskazi, kabla masika hayajafika.

Plasta yenyewe ni chokaa ndoo moja kwa mchanga ndoo tatu. Chokaa iwe imezimwa kwa maji na kulala kwenye shimo wiki kadhaa hadi iwe laini kama siagi. Mchanga usiwe wa ufuoni, kwani utakuwa umeinunua chumvi upya. Wala usichotwe kwenye vilima vya mchanga vya Shela, kijiji jirani, maana vilima hivyo ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya mji mzima. Lowesheni ukuta kwanza. Mashimo makubwa yajazwe vipande vya matumbawe na chokaa, si plasta tupu. Kila tabaka lisizidi milimita 10, na lisubiri hadi ukikwaruza kwa ukucha usiache alama, kwa kawaida wiki moja au zaidi. Tundikeni magunia mabichi mbele yake siku zote hizo. Chokaa haigandi kwa kukauka kama tope. Hugeuka jiwe kwa kuvuta hewa ikiwa na unyevu, na jua likiikausha haraka hubaki unga.

Mwisho pakeni chokaa nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano, siku moja kati ya mkono na mkono. Mkono mmoja mzito hubanduka. Fundi avae miwani na glavu, na jicho likiingia chokaa lioshwe papo hapo kwa maji safi mengi, kisha aende hospitali.

Tabaka hili la kwanza huenda likajaa chumvi baada ya mwaka au miwili likaanza kupukutika. Msivunjike moyo. Hiyo ni plasta ya kafara: imefanya kazi yake ya kuivuta chumvi nje ya jiwe. Ibandueni, mpige nyingine. Na kwa kuwa Mji wa Kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, pitieni kwanza ofisi ya uhifadhi kabla ya kugusa uso wa nyumba unaotazama njia.

Wahenga walisema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Lakini mimi nikipita mtaa wa Mkomani, Lamu, naona kuta tupu, ndefu, hazina hata dirisha la maana, na naambiwa ndizo zilizokuwa nyumba za matajiri. Walikuwa wanaogopa kijicho?
*Mwanafunzi, Malindi*

Kijicho kilikuwemo, mwanangu, lakini hakitoshi kueleza nyumba nzima. Nyumba ya mawe ya Lamu imejengwa ikitazama ndani. Hewa na mwanga vyake hutoka kiwandani, uwanja ulio wazi juu, na vyumba hufuatana kutoka hapo: msana wa kwanza (ukumbi mrefu mwembamba), msana wa pili, kisha ndani, chumba cha mwisho. Kila kimoja kina giza na faragha zaidi ya kilichotangulia. Njia ya mtaani ni nyembamba, punda wawili wenye mizigo hupishana kwa shida. Dirisha kubwa hapo lingeleta vumbi na macho ya wapita njia, si upepo. Kuta ndefu pande zote mbili nazo huitia njia kivuli karibu mchana kutwa. Ukuta mtupu basi una kazi.

Sehemu ya nyumba inayozungumza na mtaa ni daka, kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe huku na huku. Hapo mwenye nyumba hukaa, hupokea salamu, hufanya biashara, na mgeni asiye wa ndani huishia hapo. Anayeruhusiwa kuvuka hukutana na tekani, yaani ukumbi mdogo wa kuingilia, na kona, hivyo mlango ukiachwa wazi jicho haliingii moja kwa moja kiwandani. Mgeni wa kulala hupelekwa sabule, chumba cha wageni, bila kupita katikati ya watu wa nyumba. Ukitaka kuijua hadhi ya mwenyewe ukiwa nje, tazama daka na nakshi za mlango, usitazame ukuta.

Linganisha na nyumba za kando ya bahari. Hizo ni za karne ya 19, wakati biashara na Zanzibar na Bara Hindi ilipopamba moto, nazo zina nguzo, matao na roshani zinazotazama maji. Zilijengwa zionekane kutoka baharini. Mtalii hupiga picha ya hizo na kusema ameiona Lamu, ilhali mtindo wa zamani zaidi uko nyuma yake, umempa kisogo.

Tunajenga nyumba ya wageni Shela. Tumeweka zidaka (vidaka, vishubaka vya ukutani) kwenye ukuta wa chumba, lakini vinaonekana kama rafu za duka. Tumekosea wapi?
*Ndugu wawili, Shela*

Mmekosea kivuli. Chumba cha kale hakikuzidi mita tatu hivi kwa upana, kwa kuwa boriti ya mkoko haibebi dari nzito zaidi ya hapo. Ukuta wa ndani kabisa ulipochimbwa safu kwa safu za zidaka, jicho liliona vivuli vinavyorudi nyuma na kudhani chumba kinaendelea. Ufundi wa kulihadaa jicho hivyo uko kwingi. Roma kuna ujia alioujenga msanifu majengo Francesco Borromini katika jumba la Spada karne ya 17, hauna hata mita tisa, lakini nguzo zake hupungua kimo, sakafu hupanda na dari hushuka, hata mtazamaji akadhani ni zaidi ya mita 30.

Kwenu, tofali la inchi 6 haliwezi kuchimbwa kidaka cha maana. Jengeni ukuta wa pili mwembamba mbele yake, mpate kina cha sentimita 15 hadi 20. Kingo za mbele ziwe nyembamba na kali, zichongwe kwenye plasta ya chokaa ingali laini. Ubao au vigae hutoa ukingo mnene, na huo ndio unaoleta sura ya rafu. Vidaka visilingane vyote: vya katikati vipana, vya pembeni vyembamba. Ondoeni taa ndogo mlizoweka ndani ya kila kimoja, kwa sababu zinaua kivuli chote. Mwanga uingie kutoka mlangoni, ubavuni. Na msivijaze vitu.

Nimeuziwa mlango wa kuchonga, naambiwa una miaka 150. Nitajuaje?
*Msomaji, Malindi*

Tazama chini kabla ya nakshi. Mlango wa zamani hauzunguki kwa bawaba. Una vigingi juu na chini vinavyozunguka ndani ya matundu ya fremu. Miaka mingi huacha tundu la chini limelika upande mmoja. Chini ya mbao pawe pameliwa na maji ya mvua zaidi ya juu. Nyuma pawe na alama za tezo zisizo sawa. Mistari ya upinde inayofanana ni ya msumeno wa mashine. Mfaa, ule mti wa katikati, uwe umechakaa sawa na mbao zake. Harufu ya oili chafu, au weusi ulioingia hata kwenye nyufa mpya, ni uzee wa kupakwa. Ukithibitika ni wa kale, jua kwamba sheria ya Kenya inalinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1946: huwezi kuutoa nchini bila kibali.

Nyumba yangu ni ya matofali ya simiti. Nikibandika vipande vya matumbawe mbele ifanane na Lamu, ni uongo?
*Mjenzi, Malindi*

London, mtaa wa Leinster Gardens, namba 23 na 24 ni ukuta mtupu wenye madirisha yasiyofunguka. Nyumba zenyewe zilibomolewa miaka ya 1860 kupisha reli ya chini ya ardhi, na uso ukajengwa ili mstari wa mtaa usionekane na pengo. Kwako kuna nyumba kweli, kwa hiyo si uongo wa namna hiyo. Shida ni kwamba gundi ya vigae peke yake haitashika jiwe lenye chumvi. Kila mita ya mraba iwe na vishikizo vinne vya chuma kisichoshika kutu, mawe ya chini yakae juu ya msingi, na viungo vya safu ya chini viachwe wazi kila mita moja maji yatoke.

Kwa maoni yetu, fedha hiyo ingefaa zaidi kwenye daka. Viti viwili vya mawe, kimo sentimita 45, upana 50, paa dogo juu yake, na sakafu iteremke sentimita 2 kwa kila mita kuelekea njiani ili mvua isirudi ukutani.