Anza na picha, vazi lifuate

Wengi wanaoingia kwenye kosplei, yaani kuvaa na kujigeuza kuwa mhusika wa gemu, hushona kwanza, na vazi likishakamilika ndipo wanatafuta mpiga picha na mahali. Mimi nashauri ugeuze mpangilio huo. Kaa na gemu lako, chukua skrinishoti, kisha uchague picha tatu unazotaka kuondoka nazo: ya mwili mzima, ya uso na ya tendo. Ukishazijua, utajua pia ni kipande gani cha vazi kinastahili kukukesha na kipi kitashikizwa kwa pini tu. Mgongo wa deraya ambao kamera haitauona hauna haja ya nakshi. (Ukienda nalo kwenye tamasha ni habari nyingine, huko watu watakuzunguka.)

Skrinishoti hizo zichunguze kwa jicho la fundi, maana mhusika hubadilika kutoka gemu moja hadi jingine. Mtazame Link, shujaa wa magemu ya Zelda: kwenye magemu mengi ya zamani anashika upanga kwa mkono wa kushoto, lakini katika Breath of the Wild ya 2017 anatumia wa kulia. Twilight Princess ndiyo kiboko. Gemu hilo lilitoka kwa mashine mbili za Nintendo: kwenye GameCube Link ni wa kushoto, ila kwenye Wii dunia nzima ya gemu iligeuzwa kama kwenye kioo naye akawa wa kulia. Amua toleo lako na usichanganye. Picha za kuokota mtandaoni nazo huwa zimegeuzwa mara nyingine. Ukizifuata kichwakichwa, kinga ya bega la kushoto la Cloud, shujaa wa Final Fantasy VII, itaishia kulia, na mashabiki wataona hilo kabla hawajauona uso wako.

Kwa deraya, foamu ya EVA (sponji ngumu na nyepesi ya shiti) inatosha karibu kila kitu: milimita 10 kifuani, 5 mikononi na miguuni, 2 kwa mapambo ya juu. Ipitishie hewa ya moto kabla ya kupaka chochote, vitundu vyake vijifunge, la sivyo itakunywa rangi yako yote. Gundi za kubandikia soli hutoa mvuke mbaya, na foamu ikipigwa msasa hutoa vumbi jembamba. Fungua madirisha, vaa barakoa yenye vichujio.

Kazi inayotenganisha picha nzuri na picha ya mtu aliyevaa plastiki ni uchakavu. Rangi ya fedha iliyopakwa sawasawa kila mahali haidanganyi kamera hata kidogo. Chuma kilichotumika hukusanya uchafu kwenye mikunjo na kung'aa kwenye kingo, pale kinaposuguliwa. Kwa hiyo zimua rangi nyeusi ya akriliki kwa maji, paka, na uifute kabla haijakauka ili ibaki mifereji tu; kisha chovya brashi kwenye rangi ya fedha, ifute karibu yote, na uipitishe juu ya kingo. Zidisha kuliko kioo kinavyokuambia, kwani mwanga mkali hufuta sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Na mwanga ndio mwenye neno la mwisho. Ukitoka ubavuni, kila mkwaruzo unaamka. Fleshi ikipigwa moja kwa moja kutoka mbele, deraya yako inalala bapa kama karatasi. Nje, tafuta saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza au ya mwisho kabla halijazama. Kama unapanga kuongeza uchawi kwenye kompyuta, tuseme mwali wa bluu kiganjani, shika taa ndogo ya rangi hiyohiyo wakati wa kupigwa picha. Bluu ikimwagika kwenye kidevu na vidole, mtazamaji ataamini. Bila hivyo uchawi wako utaonekana kama stika.

Upanga mkubwa usiuogope, wala huna haja ya kuufanya mzito. Elekeza ncha upande wa kamera, mpiga picha atumie lenzi pana ya milimita 24 au 35 na achuchumae hadi usawa wa mkanda wako. Upanga utajaza fremu na wewe utarefuka. Uso upigwe kwa milimita 85 hivi, maana lenzi pana ikikaribia sana hukuza pua. Joho linahitaji msaidizi wa kulirusha na kuruka nje ya fremu, pamoja na kasi ya shata ya kamera ya 1/500 ya sekunde au zaidi.

Kuhusu uso nitasema machache. Poda ya silika, au krimu ya jua yenye zinki, inaweza kukutoa mweupe kama jini mbele ya fleshi, hivyo jaribu mapema. Wigi linalometa lipake poda kidogo. Lenzi za macho za rangi zipitie kwa mtaalamu wa macho na usiazimane na mtu. Binafsi naona heri rangi ya macho ibadilishwe kwenye kompyuta.

Omba ruhusa ya mahali kabla ya siku, na silaha zisafiri zimefungwa ili wapita njia wasishtuke. Siku yenyewe anza na picha ya uso, vipodozi vikiwa vibichi, kisha ya mwili mzima, kisha ya tendo. Matope na damu ya bandia viwe vya mwisho kabisa, kwani wigi likishalowa damu hiyo, hakuna kurudia picha ya kwanza.