Maswali ya Wasomaji: Mashine ya Kukanda Misuli na Mipaka Yake

Barua za mwezi huu kutoka Kisumu, Nakuru na Magharibi zinauliza kuhusu ile mashine ya masaji ya mkononi yenye umbo la bastola, ambayo hugonga misuli kwa midundo ya haraka. Tumechagua nne.

Kila Jumamosi tunakimbia kutoka Mamboleo, tunapanda mlima wa Riat kisha tunateremka. Kufikia Jumatatu mapaja yanauma hadi kushuka ngazi ni taabu. Nimenunua mashine ya masaji. Naikandamiza mpaka iume, dakika 15 kila paja, na sasa nina alama za bluu. Je, ikiuma zaidi ndiyo misuli inapona haraka?
*Mkimbiaji, Kisumu*

Hapana, ndugu. Alama hizo ni damu iliyovuja kutoka kwenye mishipa midogo chini ya ngozi. Usiguse sehemu hiyo kwa mashine hadi zififie kabisa.

Kinachokuumiza hasa ni mteremko, si mlima. Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki: inavutika huku imekaza, na nyuzi zake zinapata majeraha madogo madogo. Maumivu yake huchelewa, na hufika kilele kati ya saa 24 na 72. Hakuna mashine inayounganisha nyuzi hizo; usingizi, chakula na siku za kupumzika ndivyo vinavyozijenga upya. Mashine hupunguza maumivu na ukakamavu kwa muda tu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, watafiti wa Austria waliitumia kwa dakika 5 kwenye mashavu ya miguu ya wanaume. Kifundo cha mguu kilipinda zaidi kwa takriban digrii 5, lakini nguvu ya misuli haikubadilika. Faida hiyo haihitaji kukandamiza hadi ngozi igeuke rangi.

Alama zikiisha, anza upya hivi. Funga kwenye mashine kichwa kikubwa cha duara, na kile chembamba chenye ncha ukiache kwenye mkoba. Kaa, paja lilegee kabisa juu ya kiti, kwa sababu msuli uliokaza hupigana na kila pigo. Weka kichwa juu ya ngozi kwanza, ndipo uwashe, tena kwa kasi ya chini kabisa. Anzia vidole vinne juu ya goti, uelekee nyonga, ukisogea sentimita 2 au 3 kwa sekunde. Uzito wa mashine wenyewe unatosha, usisukume. Ukikuta sehemu iliyokaza, tulia hapo sekunde 15 hadi 20, kisha usonge. Paja zima lisizidi dakika 2. Ukipima maumivu kutoka 0 hadi 10, yasipite 4. Ukijikuta umebana pumzi au umekunja uso, umeshapita.

Tunasisitiza hili kwa sababu hatari yake ni ya kweli. Msuli uliochoka ukigongwa kupita kiasi, seli zake huweza kuvunjika na kumwaga protini ndani ya damu, na protini hiyo huumiza figo. Madaktari wamewahi kuandika kuhusu mwanamke kijana aliyelazwa kwa tatizo hilo baada ya kutumia mashine hii. Mkojo ukigeuka rangi ya chai ya strungi, au paja likivimba na kukosa nguvu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nashinda kwenye pikipiki kuanzia alfajiri hadi usiku. Shingo na kiuno vimekaza kama mbao. Mwenzangu hupitisha mashine kwenye uti wa mgongo na pembeni mwa shingo, anasema inasaidia. Nami nifanye hivyo?
*Mwendesha bodaboda, Nakuru*

Usifanye, na mwenzako umwambie aache. Mbele na pembeni mwa shingo hupita mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo. Mshipa kama huo ukichanika kwa ndani, damu huganda na kuleta kiharusi. Kwenye uti wa mgongo nako mashine inagonga mfupa, na mfupa haukandwi.

Sehemu yako ni nyama iliyo kati ya shingo na bega. Tumia kichwa laini, kasi ya chini, dakika moja kila upande, na usipande kuelekea kichwani. Kiunoni, baki kwenye misuli iliyo kandokando ya uti, upana wa vidole viwili kutoka kwenye mfupa. Usiende pembeni zaidi chini ya mbavu, maana figo ziko huko. Mtu mwingine akikushikia mashine, mwelekeze kwa maneno muda wote, kwa kuwa yeye hahisi unachohisi.

Hata hivyo, kiuno cha mtu anayekaa saa kumi na mbili kinadai kitu kingine kabla ya mashine: ushuke kwenye pikipiki kila baada ya saa moja, usimame wima na kutembea dakika mbili. Na kama maumivu yanateremka mguuni, au mguu unakufa ganzi, hiyo si kazi ya mashine. Mwone daktari. Ukishindwa kuzuia mkojo au ukifa ganzi sehemu za siri, usingoje kesho.

Mama yangu ana miaka 68 na ana kisukari. Kaka alimletea mashine ya masaji. Tangu juzi shavu la mguu mmoja limevimba, lina joto na linauma. Tumkande?
*Binti yake, Bungoma*

Msimkande, dada, wala kwa mkono. Mguu mmoja kuvimba na kuwa na joto huweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa. Ikigongwa, donge linaweza kung'oka na kukimbilia mapafuni. Mpelekeni mama hospitali leo. Akianza kuhema au kuumwa kifua, ni dharura.

Hata uvimbe ukiisha, mashine hiyo haimfai bila idhini ya daktari. Kisukari cha muda mrefu huua hisia za miguuni, kwa hiyo hatajua anapoumia. Tahadhari hiyo inawahusu pia wajawazito, wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin, wenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo, wenye mifupa dhaifu, na wenye mishipa iliyovimba miguuni. Aliyetenguka au kuchanika msuli naye asubiri. Siku tatu za kwanza ni za kupumzisha jeraha.

Timu yetu ya voliboli ina mashine moja tunayopokezana. Mpini huwa moto na inazima yenyewe. Imeharibika?
*Nahodha, Kakamega*

Huenda haijaharibika. Nyingi hutengenezwa zijizime baada ya dakika 10 hivi, na mota huzidiwa mnapoikandamiza. Ipumzisheni hadi ipoe kati ya wachezaji. Ikipata moto hata mikononi mwa mtu asiyesukuma, au mpini ukivimba, betri imekufa: msiichaji tena, msiitoboe na msiichome pamoja na takataka. Iliyo nzima ichajiwe kwa chaja yake, juu ya sakafu ya simenti, mtu akiwepo. Msiiweke juu ya godoro.

Jambo ambalo hamkuuliza ni ngozi. Choa huhama kwa urahisi kutoka paja hadi paja. Kila mchezaji aweke taulo yake kati ya ngozi na kichwa cha mashine, na baada ya kila mtu kichwa kipanguswe kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Vichwa vya sponji hunyonya jasho, kwa hiyo kwa mashine ya timu chagueni vya plastiki au silikoni. Mwenye kidonda au upele asubiri apone.